Chuo kidogo cha sanaa hakina viti vya nyuma

Mtu akiniuliza kama ajiunge na chuo kikuu kidogo cha sanaa, namuuliza kwanza: darasani unapenda kukaa wapi? Akisema nyuma kabisa, karibu na mlango, namwambia afikiri vizuri. Huenda atafaulu, tena vizuri tu, lakini ajue kwamba huko viti vya nyuma havipo. Darasa lina watu wanane au kumi, meza ni moja, na kazi yako imetundikwa ukutani kila mtu akiitolea macho. Usipofika, pengo lako linaonekana. Ukifika na kazi uliyoilipua usiku wa kuamkia leo, hilo nalo linaonekana.

Nilisoma ufinyanzi katika chuo cha aina hiyo. Mkuu wa idara alinijua kwa jina, na mtunza maktaba alijua nimechelewesha kitabu gani kabla sijafungua mdomo. Nayaandika haya kwa anayefikiria kwenda, na pia kwa aliyekwisha kufika na sasa anahisi kuta zinambana.

Kinachowatisha wengi ni kikao cha uhakiki. Unaweka kazi yako katikati, wenzako wanaizunguka, kisha wanaisema. Kwetu kulikuwa na kanuni moja ngumu: mwenye kazi hasemi neno mpaka wengine wamalize. Wiki za mwanzo kila mtu alisema "nzuri", na mhadhiri akauliza bila huruma, "Nzuri kwa kipi?" Kimya. Hapo ndipo tulipoanza kujifunza kutazama.

Nakumbuka jagi la mwenzangu mmoja. Alikuwa na maelezo marefu kichwani kuhusu maji, safari na bibi yake, na midomo ilimcheza kwa hamu ya kuyatoa. Mhadhiri akamwinulia kidole: subiri. Jagi likapita mkono kwa mkono. Mmoja akaligeuza akakagua kitako. Mwingine akachovya vidole kwenye ndoo, akalishika kwa mkono uliolowa, akasema, "Dada, kishikio kinateleza. Likijaa maji litaniponyoka." Basi. Jagi lililofuata lilikuwa na kishikio kilichobonyezwa mahali pa dole gumba, na hata lile wazo la bibi likasikika vizuri zaidi, maana sasa lilikuwa jagi ambalo bibi angeweza kulitumia.

Ushauri wangu kuhusu vikao hivi ni wa vitendo. Kazi yako inapojadiliwa masikio huziba, huo ni ubinadamu tu, kwa hiyo mwombe rafiki akuandikie kila kinachosemwa, nawe umfanyie hivyo zamu yake ikifika. Usiyasome maandishi siku hiyo hiyo. Ukiyasoma, gawa mafungu mawili: walichokiona na walichopendekeza. Walichokiona kishike hata kama kimekuuma, kwa sababu jicho la mtu asiyejua nia yako ndilo jicho litakalokutana na kazi yako maisha yako yote. Walichopendekeza ni habari nyingine. Anayekwambia "ungeipaka buluu" mara nyingi anakueleza kazi ambayo angependa kuitengeneza yeye. Msikilize kwa adabu, kisha uamue mwenyewe.

Na wewe nawe usikae kimya kwenye kazi za wengine ukidhani unawastahi. Katika kikundi cha watu wanane, kimya cha mmoja ni kikubwa. Tena watu wana kumbukumbu: aliyekusemea kazi yako kwa makini utamrudishia, na aliyekuwa akichezea simu hutamwita mradi mzuri ukitokea.

Sasa nizungumzie watu ambao hawaonekani kwenye vipeperushi vya udahili: mafundi wa karakana. Wanafunzi wapya huwapita kama mlango wakikimbilia maprofesa. Mimi nasema wazi kwamba nusu ya ninachokijua nimekipata kwa fundi wa tanuri. Wazo hili lina historia. Shule ya sanaa ya Bauhaus, iliyofunguliwa na msanifu majengo Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, katika miaka yake ya mwanzo iliweka karakana chini ya wakuu wawili: msanii aliyefundisha umbo, na fundi aliyefundisha kazi ya mikono. Vyuo vingi leo vimebaki na sura ya mpango huo, ila fundi amepunguziwa cheo na mshahara.

Kwenye chuo kidogo, fundi ndiye mwenye funguo za kila kitu kwa sababu vifaa ni vichache. Tulikuwa na tanuri moja kubwa kwa ajili ya idara nzima. Udongo ukiingia tanurini na unyevu ndani yake, maji hugeuka mvuke, mvuke hukosa pa kutokea, na chombo hupasuka. Vipande huruka na kuvunja au kuharibu vyombo vya jirani. Kwa hiyo chungu chako kibichi si shida yako peke yako.

Fundi wetu alikuwa na kipimo chake. Alichukua chombo, akakiweka shavuni, akafumba macho kidogo. Udongo wenye unyevu huwa wa baridi kwenye ngozi, hata kama kwa macho unaonekana umekauka. "Bado, mwanangu. Kina baridi. Kirudishe rafuni." Unaweza kumweleza habari za maonyesho ya Ijumaa mpaka ukauke wewe, haingii. Baadaye nami nikawa napima kwa shavu, na mpaka leo nafanya hivyo.

Jifunze kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho. Kwa mfinyanzi hesabu iko hivi: chombo kikauke taratibu, kichomwe mara ya kwanza, tanuri ipoe, kipakwe glezi, yaani ule mpako unaogeuka kama kioo tanurini, kichomwe tena, na kwa udongo mgumu wa mawe huo uchomaji wa pili hupita nyuzi joto 1,200, kisha ipoe tena. Ukifungua mapema kwa haraka zako, ubaridi wa ghafla unapasua vyombo. Hakuna mkesha unaoweza kuufupisha mchakato huo. Mchapaji, mfumaji na mtengeneza filamu nao wana hesabu zao za namna hiyo. Wiki za kuelekea maonyesho ya mwisho wa mwaka, kila mtu anataka mashine ile ile, na orodha ya zamu iliyobandikwa mlangoni hujaa. Jiandikishe mapema kuliko unavyoona inafaa. Na msalimie fundi hata siku usiyokuwa na shida naye.

Jambo dogo kuhusu usalama, maana studio ndogo huficha hatari: vitambaa vilivyofutia rangi ya mafuta ya kitani visirundikwe kwenye kona. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Viweke kwenye pipa la chuma lenye mfuniko.

Raha kubwa ya udogo, kwangu, ilikuwa majirani. Ufinyanzi ulikuwa ghorofa ya chini, muziki juu yetu, na watu wa jukwaani walifanya mazoezi popote walipopata sakafu tupu. Mwanafunzi mmoja wa muziki alikuwa na tabia ya kushuka na kugonga vyombo vyangu kwa kidole. Mwanzoni aliniudhi. Halafu nikagundua anasikia nisichokiona: chombo kilichoiva vizuri hulia, chenye ufa uliojificha hutoa sauti iliyokufa. Yeye alipata vyungu vya kupiga kwenye onyesho lake, mimi nikapata njia ya kutambua nyufa kabla ya mnunuzi hajazitambua. Kwenye chuo chenye kampasi tatu na basi la kuziunganisha, yule bwana asingeshuka kamwe.

Mfano maarufu wa ujirani huu ni Black Mountain College, chuo kidogo kilichoanzishwa mwaka 1933 huko North Carolina, Marekani. Wanafunzi na walimu waliishi pamoja, walilima pamoja na hata walishiriki kujenga majengo yao. Josef Albers na mkewe Anni, waliotoka Bauhaus, walifundisha hapo. Mwaka 1952 mtunzi wa muziki John Cage aliandaa hapo onyesho lililochanganya ngoma ya Merce Cunningham, picha za Robert Rauschenberg, piano, mashairi na mihadhara, vyote kwa wakati mmoja. Hawakuhitaji kamati ya ushirikiano kati ya vitivo. Walikutana mezani.

Lakini kabla hujachanganya kazi yako na ya mtu, kubalianeni kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha: nani analipia vifaa, jina la nani linatangulia, kazi inabaki kwa nani onyesho likiisha. Urafiki mwingi wa chuoni nimeuona ukivunjika juu ya swali hilo la tatu.

Na udogo una ubaya wake, nisiwadanganye. Ubaya mkubwa si umbea, ingawa umbea upo wa kutosha, na ukiachana na mpenzi jua mtaonana kesho asubuhi, kesho kutwa na mtondo. Ubaya mkubwa ni ladha moja. Idara inaweza kuwa na mhadhiri mmoja tu wa fani yako. Akipenda kijivu, baada ya muhula mmoja rafu nzima ni ya kijivu, na hakuna aliyeamriwa. Ni kwamba sote tunataka kupendwa na mtu tunayemwona kila siku. Nenda kwenye maonyesho ya watu usiowajua. Wasanii wageni wakija kwa wiki moja, kuwa wa kwanza kuomba wakutazamie kazi, kwa sababu hao hawajui wewe ni kipenzi cha nani. Kama chuo kina mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kingine, omba mapema. Na uwe na walau rafiki mmoja asiyejali sanaa hata kidogo.

Halafu kuna suala la uhai wa chuo chenyewe, ambalo wazazi hulifikiria na wanafunzi hulipuuza. Chuo kidogo hutegemea sana ada za wanafunzi wake, na idadi ikishuka hakina pa kuegemea. Black Mountain kilifungwa mwaka 1957 kwa kukosa fedha. San Francisco Art Institute, kilichoanza mwaka 1871, kiliacha kutoa shahada mwaka 2022. University of the Arts cha Philadelphia kilitangaza mwisho wa Mei 2024 kwamba kinafunga, na tarehe 7 Juni kikafunga kweli, ilhali kilikuwa na zaidi ya wanafunzi elfu moja. Wiki moja! Watu walikuwa na kazi zao za mwaka wa mwisho mikononi na hawakujua watahitimu wapi.

Kwa hiyo uliza bila haya. Ithibati ya chuo iko hai? Idadi ya wanafunzi imepanda au imeshuka miaka ya karibuni? Kikifungwa, kuna makubaliano na chuo kingine cha kuwapokea wanafunzi na alama zao? Ofisi ya udahili ikikukunjia uso, hilo nalo ni jibu. Siku ya kutembelea usiishie kwenye ukumbi wenye viti vizuri. Ingia karakana, soma orodha za zamu milangoni, angalia mashine ngapi zimebandikwa karatasi ya "mbovu" na karatasi yenyewe imechakaa kiasi gani. Ongea na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Wa mwaka wa kwanza bado wako kwenye fungate. Waulize studio inafungwa saa ngapi na mwishoni mwa wiki funguo ziko kwa nani. Chuo kinachofunga studio saa kumi na moja jioni, hata kingekuwa na maprofesa wa kutisha, mimi nisingekwenda. Uliza pia gharama ya vifaa, kwa sababu ada inayotangazwa mara nyingi haihusishi udongo, turubai, karatasi wala uchapishaji wa picha, na hizo ndizo zinazomaliza mfuko muhula wa pili.

Ukifika mwaka wa mwisho, tumia vifaa kwa pupa. Tanuri, mitambo ya uchapaji, chumba cha giza cha kusafishia picha, vyumba vya kurekodi sauti: ukihitimu, utalipia kila saa, kama utavipata. Mimi muhula wa mwisho nilichoma vigae vya majaribio ya glezi vingi kuliko vyombo vya kuuza, na vigae vile vya majaribio, vyenye namba zake nyuma, ndivyo nilivyojengea karakana yangu. Piga picha za kazi zako kwa mwanga mzuri kabla hazijaondoka ukutani, mwombe mtu wa idara ya upigaji picha, nawe umlipe kwa kikombe. Pata barua za utambulisho wahadhiri wakiwa bado wanakumbuka kazi yako kwa undani. Na nakili mafaili yako yote kutoka kwenye seva ya chuo kabla ya mahafali, maana akaunti za wanafunzi huweza kufungwa bila mtu kukukumbusha.