Kopo la zege linapochomoka kwenye bomba

Mdogo wangu wa Uyole, umeuliza kwa nini chuma chako cha kunyanyulia, bomba lenye kopo la zege kila ncha, kimeachia upande mmoja. Bomba tupu halishikani na zege. Huzunguka, kisha huchomoka. Toboa ncha zake, pitisha vipande viwili vya nondo ya milimita 8 kwa msalaba, ndipo umwage. Saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3, maji kidogo; zege la majimaji ndilo linalopasuka. Kopo la lita 4 hutoa karibu kilo 9.5. Funika kwa gunia lililoloa siku 7, na kwa baridi ya Juni huko Mbeya fanya 14. Wanyanyuaji wa zamani wa Ulaya walijaza mchanga au chembe za risasi ndani ya matufe ya chuma, wakaongeza uzito kidogo kidogo. Uzito wa zege hauongezeki, kwa hiyo ongeza marudio ya kunyanyua.