Maabara mbili, majibu mawili: nimwamini nani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mdada wa miaka 38 niko Morogoro. Uso umekuwa wa duara, tumbo limetoka alafu miguu myembamba, na presha imepanda. Nikaambiwa nipime homoni ya kortisoli kwenye mkojo wa masaa 24. Maabara ya kwanza nimepata 96 wakaandika iko juu, mwezi uliofuata maabara ingine nimepata 105 eti kawaida! Inakuwaje kubwa ndo iwe kawaida? Pumu ikinibana huwa nameza prednisoloni. Karatasi zote nimekutumia picha.

JIBU: Marahaba dada. Kortisoli ni homoni ya msongo, ikizidi mwilini muda mrefu ndo inaleta uso wa duara na tumbo kama ulivyosema. Hakuna anayekudanganya hapo, ila kwa sasa usimwamini yeyote kati yao. Angalia pembeni ya namba, ya kwanza wameandika mikrogramu, ya pili nanomoli. Mikrogramu moja ya kortisoli ni nanomoli 2.76, kwahiyo 105 yako ukigawanya inakuja kama 38 tu, yani imeshuka wala haijapanda, na kiwango chao cha mwisho cha 138 ni sawa na mikrogramu 50.

Sasa kwanini 96 alafu 38? Maabara ya kwanza mashine yao inatumia antibodi (protini za kunasia kitu fulani) kuikamata kortisoli, na hizo antibodi sio makini kivile, zinakamata pia mabaki ya kortisoli iliyovunjwa mwilini, na prednisoloni nayo inakamatwa mana imefanana nayo sana. Kwahiyo kama ulikuwa umemeza dawa siku hizo, sehemu ya ile 96 inaweza kuwa ni vidonge vyako vya pumu! Maabara ya pili wametumia spektrometri ya masi, yani mashine inayotambua molekuli kwa uzito wake, inatofautisha vizuri zaidi, ndo mana kiwango chao cha kawaida kiko chini. Usichukue namba ya huku ukaipima kwa kiwango cha kule.

Ila hata ile 38 mimi siitaki. Kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwenye mkojo karibu kiasi kilekile kila siku, kwenye karatasi ya pili ni miligramu 480 kwa masaa 24, na mwanamke mzima kwa kawaida anatoa kuanzia 600 hivi kwenda juu. Maana yake kuna mkojo haukuingia kwenye kidumu, labda ulikuwa sokoni ukabanwa ukaenda choo cha huko, inatokea sana, na ukipoteza mkojo na kortisoli inapotea nao, majibu yanashuka kiuongo.

Ukirudia, mkojo wa kwanza wa asubuhi umwage uandike saa, baada ya hapo wote uingie kwenye kidumu hadi ule wa kwanza wa kesho yake, kidumu kikae pa baridi. Maji kunywa kawaida, ukinywa lita 5 kwa siku kortisoli inapanda yenyewe. Fanya angalau mara mbili, maabara ileile, na kila mara uombe kiasi cha mkojo na kreatinini.

Kingine hukuniambia: unapaka mkorogo? Nyingi zina klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, inakupa uso huohuo wa duara huku kortisoli yako mwenyewe ikiwa chini kabisa. Prednisoloni ukiitumia mara kwa mara nayo hivyohivyo. Mwambie daktari kila kitu kabla hajaandika kipimo kingine, na usije ukaacha vidonge ghafla kwa sababu tezi ya juu ya figo inayotengeneza kortisoli inaweza kuwa imelala, ukaanguka presha ukapoteza maisha.

SWALI: Baba yangu figo zake zinafanya kazi kwa 35 (kipimo cha uchujaji wa figo, eGFR), anaweza kupima kortisoli kwa mkojo?

JIBU: Hapana, figo zikishuka chini ya 60 kortisoli haitoki vizuri kwenye mkojo, majibu yanaweza kuonyesha yuko sawa kumbe hayuko. Aulizie kipimo cha mate ya usiku wa manane, au kile cha kumeza deksamethasoni (dawa ya steroidi) miligramu 1 saa tano usiku alafu damu inachukuliwa saa mbili asubuhi, japo hicho nacho kwa mtu wa figo daktari akisome kwa uangalifu.