Barua kwa Mwanangu: Hip Hop ya Sikio Lako

Mwanga, Kigoma

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu, na dagaa wako wameshafungwa, tunatafuta tu mtu anayekuja huko tumpe.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema hapo ofisini Dodoma una mwenzako anayefungulia Kendrick Lamar, yule mchanaji wa Marekani, toka asubuhi hadi jioni, umejaribu kumsikiliza umeambulia kelele na masaksofoni, na unaona haya kwa sababu wote wanajua baba yako aliuza kanda. Kisha ukaniomba nikuandikie albamu kumi bora za hip hop uanze nazo.

Kumi bora sikupi, mama. Orodha hizo zimejaa kila mahali, na wanaozitunga ni watu ambao hip hop imeshawaingia damuni, wanataka kubishana wenyewe kwa wenyewe nani zaidi. Wewe ubishi huo bado haukuhusu. Dukani mtu akija akaniambia "nipe kitu kizuri", nilikuwa namuuliza nyumbani anasikiliza nani, na akimsikiliza huyo anangoja nini. Maana wawili wanaweza kumpenda Remmy Ongala, mmoja anangoja gitaa, mwenziwe anangoja maneno. Wape kanda moja, mmoja wao kesho atakuja kudai hela yake.

Nakumbuka mfanyakazi mmoja wa reli, mtu mzima, alikuwa mteja wangu wa Marijani Rajab na Mbaraka Mwinshehe tu. Siku moja akaja anataka "kitu kama Marijani lakini cha siku hizi", na aliposema hivyo akakunja uso, kama anayejua hakipo. Nikachomeka kwenye deki kanda ya Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu, ile ya 2001, nikaipeleka mbele hadi "Ndio Mzee". Yule bwana alisimama na kofia mkononi. Mgombea anaahidi, wananchi wanaitikia. Anaahidi makubwa zaidi, wanaitikia. Ilipofika ahadi ya kuwapeleka wanafunzi mwezini wakafanye masomo kwa vitendo, mzee alishika kaunta kwa kicheko. Akanunua. Hakuwa amenunua hip hop, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Alikuwa amenunua kisa.

Na wewe ni wa visa. Ulikuwa mdogo, "Zuwena" ya Marijani ikiisha unauliza halafu ikawaje. "Ndio Mzee" unaijua yote kichwani lakini nina hakika albamu yake hujawahi kuikalia mwanzo mpaka mwisho. Anza hapo hapo. Isikilize na "Bongo Dar es Salaam" yake, halafu uhamie Mapinduzi Halisi ya 2003, penye "Zali la Mentali" aliyoimba na Juma Nature: kijana kapuku anapendwa na mwanamke tajiri na haamini bahati yake. Hao ni watoto wa Marijani moja kwa moja, tofauti ni kwamba wanasema badala ya kuimba, na nyuma yao hakuna bendi, kuna biti za P-Funk Majani pale Bongo Records. (Nacheka kidogo ninapokumbuka kwamba huyo Professor Jay aliyewacheka wabunge vile, mwaka 2015 alichaguliwa mbunge wa Mikumi.)

Ukishamaliza hao, mrudie huyo Kendrick wako. Kosa ni la mwenzako. Kwa jinsi ulivyosimulia hayo masaksofoni, anakupigia To Pimp a Butterfly ya 2015. Ni kazi kubwa, lakini ina jazi nzito, ina shairi linaloongezeka mstari baada ya mstari kila baada ya nyimbo kadhaa, na mwishoni ana mazungumzo na Tupac, mchanaji mwenzake aliyekwisha kufa tangu 1996. Huwezi kumwingiza mgeni kwa mlango huo. Wewe tafuta good kid, m.A.A.d city ya 2012. Kwenye jalada mwenyewe ameandika kwamba ni filamu fupi, na ndivyo ilivyo: kijana wa Compton, kule California, kachukua gari la mama yake kumfuata msichana, na mambo yanaanza kuharibika. Katikati ya nyimbo unasikia simu za wazazi wake. Mama anauliza gari lake liko wapi. Baba yeye shida yake ni dhumna zake zimekwenda wapi! Nilipozisikia simu zile nilimwita mama yako aje asikilize, maana hao wazazi wangeweza kuwa majirani zetu hapa.

Humo ndani kuna wimbo mmoja mrefu, kama dakika kumi na mbili, "Sing About Me, I'm Dying of Thirst". Usiusikilize ukiwa unafanya kazi. Anachana kwa sauti ya ndugu wa rafiki yake aliyeuawa, anamwomba Kendrick asiache kumtaja, na kabla hajamaliza sentensi zinalia risasi, anakatika hapo hapo. Anaingia dada mwenye hasira, anaapa kwamba yeye hatafifia kamwe, na huku anaapa sauti yake inashushwa kidogo kidogo mpaka humsikii. Hakuna anayekueleza kilichotokea. Unakijua. Marijani alihitaji ubeti mzima kufanya hivyo.

Matusi yamo, nakwambia mapema. Wewe si mtoto, ila usifungulie mbele ya bibi yako.

Kwa visa vya mtaani, ongeza Illmatic ya Nas, ya 1994. Fupi, haifiki dakika arobaini, na haina wimbo wa kuruka. Alikuwa na miaka ishirini tu ilipotoka, anasimulia majengo ya Queensbridge, New York, kama mtu aliyekaa dirishani na daftari. Hapa Kiingereza chake kitakusumbua kuliko cha Kendrick, kwa hiyo tafuta mashairi yake usome huku unasikiliza. Wimbo wa tatu, mwishoni, inaingia tarumbeta ya kijazi, imetulia kabisa. Anayepuliza ni Olu Dara, baba mzazi wa Nas. Sisemi zaidi, nisije nikaonekana naomba kazi.

Sasa mafumbo. Hili ni la upande wa mama yako, maana yeye ndiye aliyekulea kwa taarab, na ninyi wawili mlikuwa mkitazamana na kucheka mimi sijajua bado nani kapigwa kijembe. Mwenye sikio hilo apewe Fid Q wa Mwanza, albamu ya Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Soma jina lenyewe. Shuleni mlifundishwa vina vya kati na vya mwisho. Huyu kijana akaona havitoshi, akaongeza na mwanzo. Halafu nenda Propaganda yake. Usitafute maana mara ya kwanza, acha mistari ipite, kesho yake ukiwa unasubiri daladala utashtukia umeelewa mmoja. Taarab si ndivyo inavyokufanya?

Kama hiyo ikikukolea, na ni kama tu, yupo MF DOOM, yule aliyekuwa akivaa kinyago cha chuma. Albamu aliyofanya na Madlib, mtengeneza biti, inaitwa Madvillainy, ya 2004. Vipande ishirini na viwili vifupi vifupi, viitikio karibu hakuna, anaanza katikati ya fumbo na anaondoka kabla hujalitegua. Wateja wengi wangeirudisha. Wewe ningekuwekea pembeni.

Magitaa nimeyaacha makusudi, kwa sababu hapo ndipo nina ya kwako kabisa, na sidhani kama yule mwenzako anayajua. Unajua sisi wa ziwani masikio yetu yanaangalia Kongo na Burundi kabla ya kuangalia Dar. Duka langu liliishi kwa watu wa Uvira na Kalemie. Basi yupo Baloji, amezaliwa Lubumbashi, amekulia Ubelgiji, anachana kwa Kifaransa. Akarudi Kinshasa kurekodi na wanamuziki wa pale pale, albamu ikaitwa Kinshasa Succursale, ya 2010. Humo wamo Konono N°1, wale wanaopiga likembe zilizounganishwa na umeme, ndugu wa zile ilimba za Wagogo hapo ulipo. Na kuna kibao ambamo ameuchukua "Indépendance Cha Cha", wimbo wa uhuru wa Kongo wa Grand Kallé wa 1960, ule babu yako alioucheza mpaka soli ikatoboka, akauwekea mashairi mapya ya kuuliza huo uhuru ulifika wapi. Jina la wimbo lina Kiswahili ndani yake, "Siku ya Baadaye". Ukiwa mtu wa Remmy, mwenye kupenda gitaa tamu na maneno machungu kwa pamoja, sioni utakavyoukataa.

Na Gaël Faye. Huyu ni jirani. Kazaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda, vita vikamfukuza akiwa bado mtoto. Albamu yake ya 2013 inaitwa Pili Pili sur un Croissant au Beurre, na ukisoma jina tu unajua ni mtu wa huku aliyekwama kule. Kifaransa chake sikifuati, mimi Kifaransa changu kinaishia kwenye bei na salamu. Lakini "Petit Pays" kiitikio chake ni Kirundi, na wewe Kiha cha bibi yako unacho, kitakuingia bila mkalimani. Niliupiga siku moja jirani yetu Mrundi akiwa hapa barazani. Akanyanyua mkono tunyamaze.

Najua utaniuliza mbona wa nyumbani sijawataja, na "Leka Dutigite" je? Ule wimbo wa 2012 wa watoto wa Kigoma naupenda, na siku ya harusi yako utapigwa. Lakini si albamu, na hip hop si hasa. Tusibebane kwa sababu ya ziwa.

Kuna mmoja nimekuwa nikimzunguka, Lauryn Hill. The Miseducation of Lauryn Hill, 1998. Ungekuwa mteja nisiyemjua kabisa, huyu ndiye ningekupa, kwa kuwa anaimba na kuchana kwa uzito ule ule, na reggae yako kidogo unayoipenda imo, sehemu yake ilirekodiwa Tuff Gong, studio ya akina Marley kule Kingston. Ndiyo albamu ya kwanza ya hip hop kupewa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, 1999. Kati ya nyimbo yupo mwalimu darasani, anaita majina, akifika kwa Lauryn hayupo. Kisha anawauliza watoto mapenzi ni nini, na majibu yao yanachekesha. Mwalimu huyo ni Ras Baraka, baadaye alikuja kuwa meya wa Newark, Marekani. Nimeiweka nyuma kwa sababu moja: itakupendeza mno. Ukianza nayo utaona wengine wote wamepungukiwa uimbaji, na utabaki kwa Lauryn miezi sita. Nawajua wateja wa namna hiyo.

Nisichokupa ni Wu-Tang Clan ya 1993, 36 Chambers. Hiyo ni yangu. Chafu, sauti zinakwaruza, vijana tisa wanagombea maikrofoni, vipande vya filamu za kung fu vimebandikwa katikati. Nikiwa peke yangu dukani ndiyo niliyokuwa naichomeka, na mama yako akikaribia naitoa. Hakuna unachokipenda wewe ambacho kinaelekea huko. Labda miaka ijayo, ukikasirika na jambo.

Namna ya kusikiliza: tafadhali usiruhusu simu ichanganye nyimbo. Machozi, Jasho na Damu na hiyo filamu ya Kendrick zimepangwa, ukizivuruga umezivunja. Na spika ya simu haina besi, nusu ya muziki huu inabaki nje. Nunua visikizio vya waya vya maana. Albamu moja kwa wiki inatosha, bando lako nalo lina mipaka, na nyingine nitakurekodia kwenye flashi uje uchukue Pasaka.

Kwa hiyo wiki hii Professor Jay, ijayo Kendrick, halafu Baloji. Illmatic na Fid Q utachagua mwenyewe ipi itangulie. Ukifika kwenye "Sing About Me" nipigie simu, hata kama ni usiku. Na yule mwenzako mwambie asubiri na hiyo Butterfly yake, akitaka ubishi kuhusu Nas namba yangu mpe.

Baba yako.

Mama yako kasoma barua hii juu ya bega langu, anasema Khadija Kopa angewatosha wote hao.