Acha kuiuliza databesi kila sekunde 5 kama kuna jipya

Wakuu, kama unatengeneza mfumo wa biashara yenye vituo vingi na mtandao unakuja na kuondoka, soma hii kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Nilikuwa na kazi ya mama mmoja mnunuzi wa dagaa, ana kituo Nansio, kingine Sengerema, ghala lipo Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni. Kila kituo kina CouchDB yake (databesi inayotunza kila rekodi kama hati), wanapima gunia wanaingiza, na mama anataka aone kwenye simu palepale ili aite gari mapema. Mimi nikaandika skripti inaiuliza kila seva kila sekunde 5, yaani mara 17,280 kwa siku kwa kituo kimoja, na karibu zote jibu ni hakuna kitu, bando linaisha bure. Halafu nilikuwa natafuta kwa saa ya kuingizwa, kumbe kompyuta ya Nansio saa yake iko nyuma dakika 7, kwa hiyo rekodi zinapitwa kimyakimya, na iliyofutwa ndo huioni kabisa.

Dawa yake ni _changes, orodha ya mabadiliko ambayo CouchDB inaitoa yenyewe. Unafungua laini moja kwa feed=continuous unaiacha wazi, badiliko likitokea seva inakuletea yenyewe, hata la kufuta linakuja na alama ya deleted. Weka na heartbeat (ishara ndogo ambayo seva inatuma kila baada ya muda) ili ujue laini ikifa. Kila badiliko lina seq (alama ya mahali lilipo kwenye orodha), mtandao ukirudi unaipa since ile seq ya mwisho inaendelea ulipoishia.

Sasa hapa kwenye seq ndo pa kuwa makini sana. Nilikuwa naihifadhi kabla ya kuandika ripoti anayoiona mama. Siku moja mvua kubwa, umeme ukakata Kirumba katikati hapohapo, mama akapiga: "Mwanangu, magunia 14 ya Nansio yako wapi? Boti imeshashusha, wabebaji wananidai hapa." Seq ilishasogea, ripoti haijaandikwa. Nikageuza: ripoti kwanza, seq mwisho. Ikaja shida ya pili, umeme ukikata katikati badiliko linarudi tena, magunia yanahesabiwa mara mbili, na CouchDB yenyewe pia inaweza kukurudishia kitu ulichokwisha kukiona. Kwa hiyo tunza _id (jina la hati) na _rev (toleo lake) ya kila ulichofanyia kazi, ikija tena iruke.

Seq usiipange wala kuilinganisha, ichukue ilivyo, na ya Nansio haifanyi kazi Sengerema. Na hati ikibadilika mara tatu ukiwa umekatika unapewa ya mwisho tu, ndo maana siku hizi kila upimaji nauandika kama hati mpya, hata wa kurekebisha kilo.

Wa PostgreSQL (databesi nyingine), LISTEN na NOTIFY za kupeana taarifa palepale ni nzuri ila kama hukuwepo hewani ujumbe umepotea. Replication slot (alama ya msomaji amefika wapi) inakutunzia mabadiliko, lakini msomaji wako akilala siku kadhaa kumbukumbu za WAL (faili zinazoandika kila badiliko) zinarundikana hadi diski inajaa, kwa hiyo iwekee alamu tangu siku ya kwanza.