Sindano za kufumia: maswali yenu wiki hii

Ndiyo kwanza naanza kufuma. Nichukue sindano za chuma, plastiki au mianzi?

Mianzi. Uzi huishika kidogo, kwa hiyo kitanzi hakikuponyoki ukigeuka kuitikia salamu. Chuma huteleza, na ndiyo maana wenye kasi wanakipenda. Plastiki naiachia sindano nene, za milimita 10 kwenda juu, maana za chuma za unene huo huchosha viganja. Anza na milimita 4 au 5, na uzi wa rangi ya kung'aa. Uzi mweusi huficha makosa hata kwa mwenyewe anayeyafanya.

Maelekezo yalisema "sindano namba 8". Nimefuma kofia ya mtoto, imemtosha baba yake! Nimekosea wapi?

Pole, ingawa baba naye kapata kofia. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5, lakini namba 8 ya Uingereza, ule mtindo wa zamani, ni milimita 4. Tena hesabu zao zinapishana: kwa Wamarekani namba ikipanda sindano inanenepa, kwa Waingereza wa zamani inakonda, hadi namba 14 ambayo ni milimita 2 tu. Fuata milimita, namba ziache. Sindano iliyofutika maandishi ipitishe kwenye kibao cha matundu cha kupimia. Tundu inalopita bila kukwama wala kuchezacheza ndilo saizi yake.

Hata milimita zikiwa sawa, mikono ya watu haifanani. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke, kisha hesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10 za katikati. Tuseme maelekezo yanataka 20 nawe umepata 22. Vitanzi viwili tu, utasema. Lakini sweta la vitanzi 200 lililotakiwa kuwa sentimita 100 kifuani litatoka na 91, na hapo hupumui. Panda saizi moja ya sindano. Ukipata 18, shuka. Najua kipande hiki kinachosha. Mimi nilikiruka mara moja, na sweta lile sasa analivaa mpwa wangu.

Sindano mbili zilizounganishwa kwa waya ni za kofia tu?

Hapana, mimi karibu kila kitu nafumia hizo. Shali la vitanzi 300 halienei kwenye sindano ya kawaida, lakini kwenye waya linakaa, na uzito wote unalala mapajani. Ukifika mwisho wa mstari geuza kazi urudi, kama kawaida. Ukifuma kwa mzunguko, kama bomba, urefu wa sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha unafaa kofia na 80 mwili wa sweta; ukizidi mzingo wa kazi yako, vitanzi vitavutika visifikiane. Kabla ya kuunganisha mwanzo na mwisho wa mstari, laza kazi mezani uhakikishe ukingo wa chini wote unatazama ndani. Ikijisokota hapo, dawa ni kufumua tu. Waya uliojikunja utumbukize kwenye maji ya moto kwa dakika moja, unyooshe.

Soksi kwa sindano tano? Mkono wa tatu nitautoa wapi?

Hautakiwi. Soksi ya vitanzi 64 unaigawa 16 kwa kila sindano nne, ya tano ndiyo inayofuma. Wakati wowote zinazofanya kazi ni mbili. Nyingine zinaning'inia zikikusubiri. Pale sindano zinapokutana huachia mwanya kama ngazi, basi kaza kitanzi cha kwanza na cha pili.

Kuna kasindano kafupi kenye kibonde katikati. Ni ka nini?

Ka kufumia misokoto, yale mapambo yanayofanana na kamba iliyosokotwa. Kanashikilia vitanzi viwili vitatu huku ukifuma vinavyofuata: ukikaweka mbele msokoto unalalia kushoto, nyuma unalalia kulia. Kibonde kinazuia vitanzi visichomoke.

Naweza kutumia sindano ya kroshia badala ya hizi?

Kroshia ni kazi nyingine kabisa. Hata hivyo weka moja kwenye kikapu. Kitanzi kikiponyoka na kushuka mistari mitano, kinase kwa ile kulabu, vuta uzi wa mstari wa juu yake upite ndani, kisha unaofuata, hadi urudi kwenye sindano.