Kutoa kabureta kwenye 2F na kuweka injekta: anza na tenki, kompyuta itasubiri

Wadogo zangu mnaoingia gereji sasa hivi mmekuta karibu kila gari ina injekta, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli unaoamrishwa na kompyuta. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 2F ikiingia getini mnaikwepa, au mnamshauri mwenyewe atie injini ya 1HZ ya dizeli yaishe. Sio ushauri mbaya. Ila wapo wanaotaka kubaki na petroli yao, silinda sita, lita 4.2, injini inayovuta kutoka chini kama trekta, na kilichowachosha ni kabureta tu. Kazi yao inalipa, lakini ina mitego.

Mwelewe kwanza mteja anataka nini. Akisema anataka mbio, mwambie ukweli mapema, kwa sababu 2F haitakuwa gari ya mbio hata ukiifungia nini. Faida ya injekta ipo milimani. Jeti za kabureta zina tundu la kipimo kimoja, na hazijui hewa ikipungua. Dar presha ya hewa ni karibu kilopaskali 101. Arusha mjini ni kama 86, na ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, inashuka hadi kama 77. Gari iliyosetiwa Dar ikifika kule inameza petroli nyingi kuliko hewa iliyopo: plagi zinakuwa nyeusi, moshi mweusi, nguvu hakuna. Halafu kuna mwinamo. Bakuli la kabureta linategemea floti, kwa hiyo gari ikilala ubavu kwenye korongo petroli inakimbilia upande mmoja, na injini inazima dereva akiwa katikati ya kupanda. Injekta haina bakuli, na sensa ya presha inaiambia kompyuta hewa iliyopo ni kiasi gani.

Sasa, kabureta usiiguse bado. Pima kompresheni silinda zote sita. Weka nafasi ya tapeti za valvu injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 upande wa kuingiza, 0.35 upande wa kutoa. Kisha nenda kwenye taimingi ya cheche, na hapa vijana wengi wanakosea. Pembeni mwa nyumba ya flaiwili kuna kidirisha. Ukimulika humo utaona alama mbili: mstari, na kigololi kidogo cha chuma kilichopigiliwa kwenye flaiwili. Mstari ni pistoni ikiwa juu kabisa. Kigololi ni nyuzi 7 kabla ya hapo, na ndicho unachokitafuta injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwa kawaida kimezibwa na oili na vumbi la miaka, kisugue kwa brashi ukitie nukta ya rangi nyeupe.

Menifoldi ya 2F nayo ina tabia yake. Ya kuingiza na ya kutoa zote ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja, zinagawana gasketi na boliti. Chuma kikipinda kidogo kwa joto, hewa inapenya. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio gari ikiwa sailensi. Mlio ukibadilika, pana tundu. Kwenye kabureta fundi alikuwa anaficha tatizo hilo kwa kukaza na kulegeza skrubu. Sensa ya oksijeni, inayonusa moshi ndani ya ekzosi, haifichi kitu. Silinda moja ikivuta hewa ya wizi, kompyuta itaongeza petroli kwa zote sita, na mteja atarudi analalamika gari inakula mafuta kuliko zamani. Atakuwa na haki.

Kuhusu aina ya mfumo nitasema kidogo, maana watu hubishania hapo mpaka chai inapoa. Toyota wenyewe waliweka injekta kwenye 3F-E, iliyokuwa ndani ya FJ62 kuanzia modeli ya 1988, kwa hiyo ukoo huu wa injini unaukubali mfumo huo vizuri. Wengine hufunga injekta moja kwa kila silinda wakaendesha kwa MegaSquirt, kompyuta ya injini ya kujifungia mwenyewe. Ukiwa unaanza, chukua ile ya throtoli bodi, koo la hewa lenye injekta zake, inayokaa palepale pa kabureta, iwe ya GM iliyotoka kwenye V6 ya lita 4.3 au ya kisasa inayojifunza yenyewe kama Holley Sniper 2300. Haigawi petroli kwa usawa kama mfumo wa injekta sita, lakini sehemu za kukosea ni chache. Sensa chagua zile ambazo zikifa utazipata kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi. Mteja aliyekwama Loliondo hawezi kusubiri kifurushi kutoka Marekani.

Baada ya hapo ingia chini ya gari. Pampu ya zamani iliyofungwa ubavuni mwa injini inatoa presha ya psi 3 hadi 5. Throtoli bodi ya GM inataka kama 9 hadi 13, injekta za silinda mojamoja kama 40, Sniper karibu 58. Lazima pampu ya umeme, na pampu ya umeme inajua kusukuma, kuvuta haijui. Iweke chini, karibu na tenki. Ukiifunga kwenye chumba cha injini kwa sababu nyaya zinafika kirahisi, mchana wa jua kali itakuimbia mpaka ife.

Tenki lenyewe lilitengenezwa kwa ajili ya kabureta. Ikibaki robo na gari ikainama, mdomo wa bomba unavuta hewa. Kabureta ilivumilia, kwa sababu bakuli lilikuwa na akiba; injekta inamisi papo hapo. Dawa yake ni kitenki kidogo cha akiba, lita moja au mbili, kilichosimama wima. Pampu ya presha ndogo inakijaza kutoka tenki kubwa, ya presha kubwa inavuta kutoka sakafuni mwake, petroli inayobaki kwenye injekta (ritani) inarudi humo humo, na kinachozidi kinarudi tenki kubwa kutokea juu. Kabla ya yote shusha tenki kubwa uoshe kutu. Filta haitakuokoa na kutu ya miaka arobaini.

Mipira ya petroli inunue iliyoandikwa J30R9, yaani ya presha ya injekta, na klipu za injekta zisizo na matundu. Usisikilize anayekwambia mpira wa zamani bado mzima. Kwenye 2F ekzosi iko chini kabisa ya pale petroli inapoingia, na mpira ukipasuka kwa psi 40 juu ya chuma kile chekundu hutapata muda wa kukimbilia mtungi wa kuzimia moto. Kwa sababu hiyohiyo, rilei ya pampu iamrishwe na kompyuta, ili injini ikisimama pampu nayo isimame. Nimepokea gari ambayo pampu imeungwa moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Gari ya namna hiyo ikibiringika, pampu inaendelea kumwaga. Kata hiyo waya kabla hujafanya kingine.

Umeme sasa. Weka ethi nene kutoka betri hadi bloku, bloku hadi chesisi, na ethi ya kompyuta ipeleke kwenye bloku, usiishikize kwenye bati lenye rangi. Kisha pima: ncha moja ya testa kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi haijakaa. Waya za sensa za mzunguko ziwe zenye kinga na zipite mbali na waya za plagi, na ile kinga ifungwe ethi upande mmoja tu.

Sensa ya joto la maji ipime kabla hujaifunga, kwenye sufuria ya maji: ile ya Toyota kwenye nyuzi 20 inasoma kiloomu 2 hadi 3, kwenye nyuzi 80 inashuka hadi 0.2 mpaka 0.4. Halafu uliza kuhusu thamostati, maana huku kwetu gari ikichemka mara moja tu fundi anaitoa anaitupa. Injini isiyo na thamostati haipati moto wake. Kompyuta itadhani ni asubuhi siku nzima na itaendelea kuongeza petroli. Rudisha ile ya nyuzi 82, na kama gari inachemka shughulikia redieta.

Kutuni ndiko kunakopendwa, na ndiko kufupi ukifanya hayo mengine. Tuliza sailensi, kisha barabara tambarare ukilenga uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1, kisha mlima ukikanyaga mwisho, hapo isipande zaidi ya 13. Anayeendesha asishike laptopu. Sensa ya oksijeni ikisoma hewa nyingi ghafla, angalia kwanza ekzosi kama inavuja mbele yake, usikimbilie kubadili jedwali la petroli kwenye kompyuta.

Bei usiitaje kabla hujashusha tenki na kupima kompresheni. Siku ya kukabidhi, mpe mteja mchoro wa nyaya uliochorwa kwa mkono wako, rilei mbili, fyuzi na pampu ya akiba, na nakala ya setingi kwenye flashi. Kabureta yake ifunge kwenye boksi pamoja na pampu ya zamani, abaki nayo nyumbani.