Kona Nyekundu Kwenye Ramani ya Shamba

Swali

Salaam aleikum wahariri. Mimi mkulima niko upande wa Sabaki huku Malindi, nina ekari tatu hivi, kipande chembamba kinashuka mpaka mtoni, mahindi na mbaazi, na kule juu minazi ya marehemu babangu. Juzi kaja kijana na tableti yake, kanionyesha shamba langu lote limepigwa picha na setilaiti, kijani kwingi ila kona ya mtoni nyekundu tupu. Asema ni ugonjwa, na kwa 3,000 kila msimu atakuwa ananiangalizia. Mke wangu asema huyo tapeli, jirani naye asema ndio wale wa kituo cha setilaiti cha Ngomeni wanapima ardhi waje watunyang'anye. Nimlipe ama nimfukuze?
*Mkulima wa Sabaki*

Jibu

Waaleikum salaam baba. Usimfukuze bado, lakini hizo 3,000 zikae mfukoni kwanza.

Hiyo ramani ni kweli ipo, si uchawi wala utapeli. Jani lenye afya linakula mwanga mwekundu kujipikia chakula, halafu ule mwanga mwingine sisi hatuuoni kwa macho, infraredi, linaurudisha juu kwa wingi, sasa setilaiti inapima zote mbili na kompyuta inatoa namba. Udongo mtupu unapata 0.1 ama 0.2, mahindi yaliyofunga shamba yanafika 0.7 na zaidi, kisha wanazipaka rangi. Kwa hivyo wekundu maana yake ni hapo majani ni machache, basi. Neno ugonjwa haliko kwenye picha, hilo kalitia mwenyewe.

Na majani kupungua kona ya mtoni, wee mwenyewe unajua sababu ngapi? Maji yamesimama, mchanga umeletwa na mafuriko, mbegu ilichelewa, viwavi jeshi, ama viboko wamepanda usiku wakajilia, na kiboko akishapita hakuna dawa ya kupuliza. Mimi nilishaonyeshwa shamba langu sehemu moja kijani kinang'aa nikafurahi sana, kwenda kwa miguu nakuta magugu yamenifika kiunoni, mahindi siyaoni!

Mwulize maswali mawili. La kwanza, picha ni ya tarehe gani. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo wengi hutumia kwa sababu picha zake ni bure, zikiwa mbili zinarudi juu ya shamba lako kila siku 5, lakini hazipenyi mawingu, na masika huku kwetu unajua mawingu yanavyotoka baharini, wingu dogo tu au kivuli chake kikiangukia ile kona basi kwenye ramani inaonekana kama mahindi yamekufa. Iko ya rada, Sentinel-1, hiyo mawingu haiyajali, ila kuisoma kwataka mtu aliyezoea. Kwa hivyo asikuletee picha moja, alete tatu nne za msimu huu muone kama ile kona ilikuwa kijani ikaanza kushuka, ama tangu mwanzo iko vile vile. Ikiwa imeshuka ghafla ndani ya wiki mbili hapo kuna jambo, shika jembe mwende.

La pili, pikseli ngapi, yaani vile vijumba vya picha, zimo shambani mwako. Kila kijumba cha picha za Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, ekari tatu ni kama vijumba 120 hivi. Waonekana wengi, lakini shamba lako ni jembamba, tuseme upana mita 40, hapo ni vijumba vinne kwenda upande, na vile vya pembeni vimechanganya mahindi yako na kichaka cha jirani ama maji ya mto. Huenda hiyo kona nyekundu nusu yake ni Sabaki yenyewe na matope yake! Na kule kwenye minazi usitarajie kitu, setilaiti inaona makuti, mahindi ya chini haiyaoni.

Akikubali kushuka na wewe mpaka ile kona, aguse majani, achimbe kidogo, huyo mpe hela, maana picha ni bure lakini miguu yake si bure. Akikaa kwenye boda anakuonyesha tableti tu, mwambie asante.

Jirani mpe pole. Ngomeni ilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na hiyo ilikuwa yaangalia nyota huko juu, shamba la mtu haina habari nalo. Hata setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliyo na kamera ya kutazama ardhi, ilirushwa 15 Aprili 2023 kutoka California, si Ngomeni.

Swali

Nimetoa namba za kwenye ramani ya zamani ya shamba letu, nikaziweka kwa simu, bikoni, lile jiwe la mpaka, yatokea ndani ya shamba la jirani kabisa, kama mita 300! Tumeibiwa?
*Dada wa Hindi, Lamu*

Jibu

Dada yangu, hujaibiwa. Ramani zetu nyingi za zamani zimepimwa kwa mfumo wa zamani wa kuhesabu mahali, Arc 1960, simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84, na ukizihamisha namba bila kuzigeuza kila kitu kinasogea karibu mita 300, shamba lako na la jirani na msikiti pia. Programu ya QGIS ni bure na inageuza, ila hata zikigeuzwa simu yenyewe hukosea mita kadhaa, kwa hivyo ya mpaka mwachie sorovea. Na jirani kama ulishamgombeza, mpelekee mkate wa sinia.